Siku Wapinzani Walipomkejeli Baba

Baba yangu ni manju. Nasema hivyo kifua mbele, maana Kisesa nzima hakuna aliyetunga nyimbo za ngoma kumzidi, na anayebisha aje tubishane. Lakini mama alipofariki, baba alinyamaza. Matanga yakaisha, watu wakaondoka, yeye akabaki kitini anatazama ukuta. Ugali anaumega mara mbili, basi. Hata shikamoo yangu aliiitikia kwa kichwa.

Nikampeleka hospitali mjini. Daktari akasema ni sonona, akampa dawa, akauliza mzee alikuwa anapenda nini. Nikasema ngoma, kutunga nyimbo. "Basi asiiache," akasema. Mimi na ualimu wangu nikajifanya najua: nikamnunulia daftari zuri, nikamwambia, "Baba, andika unavyojisikia." Akaweka kikombe cha chai juu yake.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani naanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, mara likaingia kundi la wapinzani wake wa miaka yote, na ngoma zao na njuga miguuni. Kwetu makundi hushindana kwa kutungiana kejeli, sawa, lakini kwa mgonjwa? Wakaimba kwa Kisukuma kwamba jogoo wa Kisesa siku hizi analalia mayai. Nikawafokea.

"Tokeni! Hamna haya nyie? Huyu amefiwa!"

"Waache," sauti ikasema nyuma yangu.

Baba alikuwa mlangoni. Akakohoa, akaimba. Sauti ilikwaruza, ila maneno, mama wee! Alisema kiongozi wao ana kitambi kinachofika ngomani kabla ya mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye michembe. Kisha akawaambia wamethubutu kuja kwa sababu mke wake hayupo. Kila wimbo wake, mkewe ndiye aliyeusikia kwanza, akasema, na huu ndio wa kwanza asiousikia.

Hapo sauti ikakatika. Baba akalia. Hata makaburini hakuwa amelia.

Nikainuka nimkimbilie, lakini yule mzee mwenye kitambi alikwisha kuudaka wimbo. Aliimba maneno yale yale yaliyomkejeli, kitambi na yote, kundi lake likaitikia, wakaurudia na kuurudia wakimsubiri. Baba akajifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, akaumalizia mwenyewe.

Nilipiga vigelegele peke yangu uani, machozi yananitoka.