Maji Yaliyoingia Bila Kufungua Kufuli

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Asubuhi baridi ya kukunja vidole, kisha jua kali mpaka jioni. Mvua hakuna, hii ni wiki ya tatu. Hilo naliandika kwanza kwa sababu tuhuma yangu yote ilisimama hapo: kama mvua hainyeshi, magunia yanaloweshwa na nani?

Mimi na mama mmoja wa kwetu Fizi tunaweka mahindi pamoja kwenye kibanda cha mabati hapa Misiera, kambini kwetu wakimbizi. Mlango una kufuli mbili, yake na yangu, na hakuna anayeingia bila mwenzake. Mahindi ya msimu huu tuliyaweka kabla hayajakauka vizuri. Hilo tuliliamua wote wawili, nisimsingizie.

Aliyewasha moto, wiki iliyopita, ni mteja wetu, mke wa askari, anayetoka Mbarara kuja kununua. Alitia mkono kwenye gunia la juu, akauma punje, akatema.

"Mama, hii kasooli munaoshaga?" akacheka. "Ama mumoja wenu anataka mizani imupende?"

Wapo wachuuzi wanaonyunyizia mahindi maji ili yawe mazito. Tunawajua. Mtu akishatajwa hivyo hapa, hata akiuza chumvi hapati mnunuzi. Mwenzangu hakucheka, nami nikaliweka moyoni kwamba hakucheka. Lakini kwa haki, hata mimi sikucheka.

Jioni ile, tulipokuwa tukifunga, nilimwaga majivu sakafuni nyuma yake bila kumwambia. Kesho yake hapakuwa na alama ya mguu. Palikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama vya matone, vimepangana mistari. Mwenye akili angeinua macho juu. Mimi niliwaza: anapitisha maji kwenye mianya ya chini ya paa. Nikamwambia tuizibe yote kwa matambara na nailoni, kwa sababu ya wezi. Akanisaidia kuziba. Baada ya siku nne magunia ya juu yalianza kunuka. Hapo nikaamini amechonga ufunguo wa kufuli yangu.

Jana nilikwenda Mbarara kununua kufuli mpya. Kesho, Jumapili, nilikuwa nipeleke neno kwa wazee wa kanisa. Nikapitia Kakiika, kwenye chumba cha binti yangu anayesoma fizikia. Kwenye kompyuta yake kuna sayari ya mawe, ngumu kama hii yetu, na yeye anahesabu maji yake yanaangukia wapi. Kazi hiyo sijawahi kuiamini sawasawa. Kuna wakati nilidhani nyuma ya sayari kuna mwanaume.

"Nani alienda kule akaona mvua?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Ndiyo maana nahesabu mara mingi."

Akanieleza. Sayari ile inaelekeza jua uso mmoja siku zote. Upande mmoja unaungua, wa pili ni giza la kudumu. Maji yanapanda kama mvuke kwenye joto, upepo unayabeba, na yakikutana na baridi yanashindwa kukaa hewani. Hewa ameigawa tabaka tabaka, kama mikeka iliyolaliana, na kila tabaka analiuliza: kwa baridi hii, unaweza kubeba mvuke kiasi gani? Unaozidi, linauangusha.

Nikamwambia habari za mwenzangu, nikitegemea ataniunga mkono. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Magunia ya chini iko na uzito gani?"

"Ya chini ni makavu. Shida iko juu."

"Sikuuliza ukavu, mama. Mu hesabu yangu maji ya mwanzo na ya mwisho lazima ilingane. Mwezi uliopita ilizidi. Nilishuku mashine, nikashuku na mwalimu. Kumbe ni miye nilihesabu mvua mara mbili. Maji haizaliwi tu, inatoka fasi ingine. Pima ya chini."

Sikulipenda jibu hilo. Lilikuwa jepesi mno, na lilinigeuza mimi mkosaji. Kufuli nilinunua hata hivyo.

Leo asubuhi na mapema nilimwita mwenzangu tukapime. Uzito wa siku ya kwanza tulikuwa tumeuandika kwa makaa ubavuni mwa kila gunia. Ya juu yameongezeka. Ya chini yamepungua, yote isipokuwa moja, na la hilo moja sijui sababu yake. Mwenzangu akainua macho, nami nikainua. Matone yalikuwa yamening'inia chini ya bati, mistari mistari. Mchana mahindi yanahema, usiku bati linapoa, na pumzi haina pa kutokea kwa sababu nimeiziba mimi.

Nikamwambia yote: majivu, wazee wa kanisa, kufuli mpya. Sijui kama nilimtendea haki kumwambia, au nilitaka tu kutua mzigo.

"Ile majivu niliiona," akasema. "Nilizani ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuniloga. Hata miye nilikuwa nangoja Jumapili niseme kwa bazee."

Tulitoa matambara, tukaanika mahindi kwenye shitingi, turubai letu. Tulipomaliza alifungua kufuli yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Utafunga na ile yako mupya," akasema, akaenda.

Kama ameniamini au ameniacha, sikuweza kujua. Nimefikiria mchana kutwa, na kila upande una hoja.

Jioni mimi na mume wangu tulikula bugali na sombe, yaani kisamvu, yenye ndagala kidogo. Nilimtumia mwenzangu bakuli moja, limefunikwa. Bakuli limerudi, limeoshwa. Mfuniko haujarudi.