Viraka vya Njia ya Kuingilia Nyumbani

Mke wangu alikuwa arejee kutoka hospitalini akiwa amepasuliwa mgongo, na njia ya lami kutoka lango la nyumba yetu mtaani Shirere hadi barazani ilikuwa imejaa mashimo. Kila mtikisiko ungemuumiza.

“Mzee, mwaga molasi, ile shira nzito ya kiwanda cha sukari, uchanganye na kokoto,” jirani alinishauri. “Kule Ekero wanatumia. Inashika kuliko lami.”

“Umeiona kwa macho yako?”

“Nimesikia.”

Nilijaribu shimo moja tu. Asubuhi, ndani ya ukungu mweupe, nilimkuta ng’ombe wa jirani huyo amefumba macho, akiliramba shimo taratibu kana kwamba anaota.

“Njoo umchukue shahidi wako!” nilimwita jirani.

Nikachonga kingo za mashimo yote, nikafagia vumbi, nikajaza lami na kuishindilia. Alasiri mvua ilinyesha, na maji yakateleza juu ya viraka bila kutuama.

Gari lilipoingia nilitembea kando yake, kiganja changu kikiwa dirishani. Mke wangu alikuwa amesinzia. Viraka vyeusi vilipita chini ya magurudumu kimya kimya. Tulipofika barazani alifumbua macho.

“Mbona hatujafika langoni?” akauliza.