Mume Wangu Alinizika Nikiwa Hai, Sasa Binti Yangu Yuko Wodi Ile Ile

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mkulima wa mboga huku milimani Mgeta. Naandika nikiwa na hasira, na kwa hilo sitaomba radhi.

Miaka ile biashara huria ilipoingia, wenye malori walianza kupanda huku wenyewe kununua kabichi na karoti za kupeleka Dar. Mmoja wao ndiye aliyenioa. Ametoka mkoa wa mbali, ambako mtoto ni wa baba na shamba ni la baba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi pia. Mume anakuja, analima, anaheshimiwa, lakini shamba si lake. Mjomba wangu mkubwa alimweleza yote haya kabla ya ndoa, akasema ameelewa na amekubali.

Nilipojifungua binti yetu, nikaugua. Silali, naongea peke yangu, nasikia watu wananiita kutoka bondeni, mtoto akilia simjui. Mume wangu akanipeleka hospitali kubwa wanakofundishia madaktari, nikalazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Mimi si mwizi wa fadhila, dawa zao zilinirudisha. Haikupita muda nikawa naoga mwenyewe, nakula vizuri, na namuulizia mwanangu, ambaye alikuwa kwa wifi yangu Mafiga, mjini Morogoro.

Ndipo akaja daktari mkubwa na kundi la wanafunzi, mume wangu amesimama pembeni. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kutazamwa na watu wote wale. Daktari akaniuliza mtoto ni wa nani. Nikamjibu kama mama yangu angejibu, kwamba ni wa ukoo wetu. Akauliza, na baba yake je? Nikasema huyu ameoa kwetu, mtoto si wa kwao. Shamba analolima ni la nani? Nikasema ni la ukoo wangu, wasimamizi ni wajomba.

Akawageukia wanafunzi. "Mnaona? Bado. Anaamini mume wake ni mgeni na mtoto hana baba."

Wakaandika. Wawili wakacheka.

Nikamtazama mume wangu. Angesema tu kwamba hiyo ni mila ya kwetu, yakaisha. Akatazama viatu vyake. Nikapandwa na hasira, nikapaza sauti, na hasira yenyewe nayo ikahesabiwa kuwa ugonjwa. Dawa zikaongezwa, na ruhusa ya kwenda nyumbani niliyokuwa nimeahidiwa ikafutwa.

Wakati bado nimelazwa, wajomba walimfuata mume wangu wakitaka mtoto arudi mlimani. Akawaambia daktari bingwa amesema mama mtu bado ni kichaa, anasema mtoto hana baba. Wajomba zangu ni watu wa jembe, neno la daktari likawafunga midomo. Nilipotoka, alikuwa ameshahamia kwao na binti yangu, wala hakuaga. Nilimtafuta mpaka nauli na nguvu vikaniishia. Tangu hapo sijaugua tena. Nimelima, nimemzika mama yangu, kanisani wamenichagua kuongoza jumuiya. Huyo ndiye kichaa wao.

Juzi wifi yangu kanipigia simu analia, nadhani dhamira ilimsuta. Kumbe kaka yake, huyo mume wangu, alirudi Morogoro zamani. Binti yangu ameolewa, amejifungua, na ameshikwa na maradhi yale yale yaliyonishika mimi. Yuko hospitali ile ile. Madaktari wameuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua hivyo, baba yake akajibu hakuna. Wakauliza habari za mama yake. Akasema alifariki akijifungua.

Hivyo ndivyo alivyomlea mtoto, na hivyo ndivyo alivyowaambia wakwe. Miaka yote hiyo mimi ni marehemu na sina habari, kabichi zangu zinauzwa sokoni kila wiki. Pale alipotakiwa kusema alinyamaza, na sasa ambapo angeweza kunyamaza ndipo anasema, tena uongo.

Nikampigia. Matusi nilikuwa nimeyapanga vizuri, lakini aliposikia sauti yangu akaanza kulia, yakanipotea. Akanisihi nisiende, wakwe wakijua maradhi haya yapo upande wa mama wataivunja ndoa.

Nikamwambia, "Yapo, na dawa yake ipo. Mimi hapa nimepona. Waambie madaktari wanione."

Akajibu, "Mama, mtoto anajua umekufa. Ukimtokea leo, na hali ile aliyonayo, si utammaliza?"

Ndugu zangu, hapo ndipo aliponishika, na ndiyo maana naandika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nataka nimshike mkono, nimwambie haya mambo yanapita, mimi nilipita humo. Lakini fikirieni. Nikishaondoka, daktari akimuuliza nani alikuja kumwona, atajibu kwamba ni mama yake aliyekufa. Wataandika nini? Watamwongezea dawa mwanangu kwa sababu amesema kweli.

Nimewaza nianze kwa madaktari kabla hajaniona. Lakini baba yake amewaambia nimekufa, na mimi nilishawahi kuwa mgonjwa wao. Wataniamini mimi au yeye? Nimewaza nianze kwa mkwe wangu, huyo kijana nisiyemjua hata sura. Akiivunja ndoa, binti yangu akipona ataamka hana mume, na wa kulaumiwa nitakuwa mimi.

Nishaurini, nifanye nini? Nianze kwa nani? Ila wa kuniambia nikae nyumbani asijisumbue kuandika. Lori la mboga linashuka alfajiri, na mimi nitakuwemo.