Salongo kwenye chemchemi ya Shari

Mama mdogo wangu, Domitille Vahwere, alikuwa na tabia ya kuinua mkono kabla hajasikia kazi yenyewe. Misa ikiisha, mtu akisimama mbele ya kanisa kuomba watu wa kupima uzito wa watoto wachanga, au wa kuwatembelea wagonjwa wasio na ndugu, mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda. Siku nyingine aliuza makayabo sokoni, samaki wa chumvi waliopandishwa kutoka Kasenyi, na harufu ile haikumtoka hata akioga. Watoto wa kliniki walimnusa mikono kwanza, ndipo wakakubali kukaa kwenye mizani.

Nilikaa kwake Bunia mwaka ule wa 1984, baada ya kumaliza masomo Kisangani, nikingoja kupangiwa shule ya kufundisha. Kwa hiyo nilikuwapo Jumapili ile fundi Isidore aliposimama mbele ya waumini.

Isidore alikuwa fundi wa kujenga, na alisema kwa niaba ya chama kidogo kilichoanzishwa na wauguzi na walimu wachache wa Bunia. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya parokia. Walitafuta watu wa kuwafundisha akina mama kusoma, watu wa kliniki, na zaidi ya yote watu wa kutengeneza chemchemi ya mtaa wetu wa Shari. Chama kingetoa simenti, bomba na fundi. Watu wa mtaa wangetoa mikono yao.

“Bila malipo,” alisema, “na bila kulazimishwa. Ni kujitolea.”

Nyuma yangu Pétronille, jirani yetu muuza mafuta ya mawese, aliuliza kwa sauti, akisema ‘njo’ kwa ‘ndiyo’ kama watu wote wa Bunia, “Kujitolea, njo salongo ya mapadiri?”

Kanisa zima lilicheka, na padri naye akacheka. Kila Jumamosi asubuhi serikali ilitaka watu wote watoke kwa salongo, kufyeka nyasi za kando ya barabara na kuzibua mifereji. Asiyeonekana alifuatwa nyumbani na kutiwa kasho, chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi ya shefu wa mtaa. Basi watu walitoka, lakini walikuwa wamejifunza kuwapo bila kufanya kazi. Mwanaume aliweza kuegemea jembe asubuhi nzima na kurudi nyumbani bila tone la jasho.

Mama Domitille hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu.

Chemchemi yetu ilikuwa chini ya mteremko, mahali ng'ombe walipokunywa maji na watu walipofulia. Mwaka uliotangulia Élise, binti yake wa mwisho, alilala muda mrefu kwa tifoidi mpaka nywele zikamtoka. Muuguzi alikuwa amemwambia mama yake, “Mutoto huyu asikunywe tena maji ile.” Mama Domitille aliyachemsha alipopata kuni, na kuni zilipokosekana Élise aliinama palepale penye kwato za ng'ombe na kunywa kama watoto wengine. Hakukuwa na maji mengine. Ndiyo sababu mama mdogo aliitaka chemchemi ile kuliko kazi zote alizowahi kuinulia mkono.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Walijitokeza wanawake wachache tu, na Pétronille akiwa mmoja wao, kwa maana huyu mama alikuwa akicheka kila kitu kisha anakuja. Walifanya kazi Jumamosi mchana, baada ya salongo, wakichimba mfereji wa kukusanya maji na kuleta mawe kwa kichwa. Isidore aliwaonyesha kila jambo. Kwa nyasi za juu ya chemchemi alikuwa mkali.

“Majani hii musiguse,” alisema. “Njo inashika udongo. Mukiitoa, mvua itashusha kilima yote mu maji.”

“Hata ng'ombe tuikataze?” Pétronille aliuliza.

“Ng'ombe kwanza.”

“Basi utaiambia weye. Siye haitatusikia.”

Lori lilileta simenti, nayo ikahifadhiwa nyumbani kwetu, kwa sababu bati za parokia zilivuja. Mama Domitille aliipanga chumbani mwake juu ya mbao, akahamia kulala na Élise. Isidore alimwonya kwamba simenti haikai. Unyevu wa Bunia ukiingia mfukoni inageuka jiwe, na chama hakikuwa na nyingine. Kazi ikichelewa, wataipeleka mtaa mwingine ingali unga.

Onyo hilo lilimtia haraka, na haraka ikamfanya atende jambo ambalo mtu yeyote wa Bunia angeliona la busara. Wanawake walikuja mchana wakiwa wamechoshwa na salongo ya asubuhi. Mama Domitille alienda kwa shefu wa mtaa, Mzee Assani, kuomba kwamba wale wachache wasifyeke barabara tena Jumamosi, bali waende moja kwa moja kwenye chemchemi.

Shefu Assani hakuwa mtu mbaya. Alifurahi mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

“Mawazo muzuri, citoyenne,” alisema, akimwita raia kama serikali ilivyotaka. “Juu ya nini watu kidogo? Mutaa yote itaenda.”

Jumamosi iliyofuata kengele ya salongo ililia, na mtaa mzima ukateremka kwenye chemchemi. Mama Domitille alisimama na jembe lake akiwatazama wakija. Nadhani kwa dakika chache aliamini kwamba ameshinda. Kisha akaona namna walivyokuwa wakishika majembe.

Waliegemea. Walizungumza habari za mpira. Aliyetumwa kuleta jiwe alileta jiwe la kutoshea kiganjani. Ili polisi wa mtaa asiwasumbue, wenye kupekupe, yale mapanga ya kufyekea, walifanya kazi ambayo mikono yao iliijua hata wakiwa usingizini. Walifyeka. Walipanda juu ya chemchemi na kufyeka nyasi zote, safi kabisa, mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Isidore hakuwapo, alikuwa na kazi ya kulipwa upande wa Mahagi. Mama Domitille alipiga kelele akikimbia kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

“Muache! Muache majani!”

“Mama,” mmoja alimjibu kwa upole, “salongo njo kufyeka. Unataka tufungwe?”

Jumatatu mvua ilinyesha. Mfereji uliochimbwa kwa majuma ulijaa matope, na maji yakawa rangi ya tofali.

Nilidhani wale wanawake wa mwanzo wangerudi kuuzibua. Mama Domitille alimwendea Pétronille, nami nikamfuata. Tulimkuta akipima mafuta kwenye chupa.

“Mama Pétronille, twende tutoe matope.”

“Ni salongo?”

“Hapana. Ni ya kwetu, kama zamani.”

“Shefu alisema ni salongo. Sasa kama ni salongo, nitakuja Jumamosi, nitashika jembe, nitaangalia mbinguni.” Alifunga chupa kwa kizibo cha karatasi. “Nilikuwa nakuja kwa mapenzi yangu, Domitille. Weye njo ulienda kuniuzisha kwa shefu.”

“Sikukuuzisha! Niliomba upumzike!”

“Eh, nimepumzika.”

Tulirudi nyumbani. Mama Domitille aliingia chumbani na kubonyeza mifuko ya simenti kwa kidole, kama alivyofanya kila asubuhi. Ile iliyoegemea ukuta haikubonyea tena.

Alirudi kwa shefu, safari hii kumwomba aitoe chemchemi kwenye salongo. Mzee Assani alimsikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

“Nisikie vizuri. Unaniomba nikataze watu kufanya kazi?”

“Mzee, hawafanyi kazi. Wanakuja tu.”

“Salongo ni kuja.”

“Basi uache waende barabarani, na chemchemi ibaki na siye wachache.”

“Nimekwisha kutuma habari mbele, kwa wakubwa, kwamba salongo ya Shari ni chemchemi. Sasa niseme nini? Kwamba serikali imeshindwa, na mama wa makayabo ameweza?” Alimtazama karibu kwa huruma. “Mama, ulikuja mwenyewe kuniomba. Mimi nikakubali. Sasa kosa yangu iko wapi?”

Njiani kurudi nyumbani Mama Domitille alipiga teke kopo lililolala barabarani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akaumia kidole, akakasirika zaidi.

Isidore alirudi kutoka Mahagi akayaona matope. Alisema chama kimekubaliana kuichukua simenti iliyobaki mwisho wa mwezi. Mama Domitille hakumbishia. Jioni hiyohiyo alipita nyumba za wale wanawake wa mwanzo, moja baada ya nyingine, na safari hii hakuomba. Alisema tu, “Jumatano, siku ya soko. Nitakuwa pale, na sitauza. Asiyetaka, abaki.” Siku ya soko hakuna mtu wa Bunia anayeweza kusema umelazimishwa kuacha meza yako. Nilielewa hesabu yake, ingawa niliona kinyaa kwamba ilibidi apoteze siku yake nzuri kuliko zote ili aaminike.

Pétronille alikuja wa mwisho, akinung'unika kwamba mafuta yake yatauzwa na binti asiyejua kupima. Tulitoa matope. Isidore alijenga sanduku la mawe juu ya jicho la maji na kupachika bomba. Simenti iliyogeuka jiwe ilitupwa. Iliyobaki ilitosha sanduku tu, bila ukuta wa kuwazuia ng'ombe. Juu yake tulipanda upya vishina vya nyasi kwa mikono. Maji yalitoka machafu, kisha membamba na meupe, na Élise akayanywa kwa viganja. Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulikuwa tumechoka, na kila mmoja alikuwa akitazama nyasi zile changa na kuwaza Jumamosi.

Jumamosi kengele ililia. Watu waliteremka na kupekupe zao.

Mama Domitille alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi katikati ya nyasi, miguu ameinyoosha mbele, bila jembe. Hakupiga kelele tena. Mtu akikaribia na kupekupe alisema, “Fyeka, lakini anza na miguu yangu.” Wakacheka, wakahamia pembeni. Wengine walimkanya waziwazi kwamba anatafuta matatizo. Aliketi hivyo asubuhi nzima kwenye jua.

Salongo ilipokwisha, Shefu Assani alifika kukagua. Aliliona sanduku na bomba, akawapongeza watu wote kwa kazi kubwa ya mikono yao. Wale waliokuwa wameegemea majembe walipiga makofi. Kisha akamwona mama mdogo.

“Citoyenne, jembe yako iko wapi?”

“Iko nyumba.”

“Tangu asubuhi umefanya nini?”

“Nilikaa.”

Polisi wa mtaa alithibitisha kwamba alikaa, na watu wote walikuwa wameona. Shefu alihema. “Unaona sasa? Watu yote wanajitolea, weye njo unakaa.” Akaagiza apelekwe kasho mpaka jioni, ili mtaa usiseme kwamba wengine wanasamehewa.

Mama Domitille alisimama, akakung'uta kitenge. Alimtafuta Pétronille kwa macho katika umati, akampata. Pétronille aliangusha jembe lake chini, akapanda, akaketi palepale pa joto alipotoka mwenzake.

“Hata huyu?” polisi aliuliza.

“Salongo imeisha,” Pétronille alisema. “Sasa nakaa kwa mapenzi yangu.”

Alasiri nilimpelekea mama mdogo ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, kwenye kasho. Alipokea sahani kupitia dirisha dogo lenye nondo, na hakula kwanza.

“Majani iko?”

“Iko, mama mdogo. Ila upande wa chini watu wa salongo walifyeka kidogo wakiondoka, kabla Pétronille hajawaona.”

“Kidogo namna gani?”

Nilimwonyesha kwa mikono. Aliitazama nafasi kati ya viganja vyangu.

“Ukitoka hapa upite kwa Isidore,” alisema. “Umwambie kesho kisha ya misa tutapanda tena. Na usimwambie shefu.”

Akaanza kula, kwa hasira, akitafuna kana kwamba sombe lenyewe lilikuwa limetoka kwenye ofisi ya mtaa.