Siku Baba Alipouza Nyumba ya Kilole

Baba alipostaafu ualimu alilazwa hospitali kwa malaria, kitanda chake kikapakana na cha mfugaji mmoja wa Kimasai kutoka Handeni. Wakawa wanapiga soga kutwa nzima, mpaka baba akatoka pale amepona malaria na kuanza kuugua ng'ombe. Alitaka kuhamia Handeni akafuge. Baba mwenyewe kwao ni Mashewa, kwenye mahindi na migomba, na hakuwahi kufuga hata kuku.

Mtaji ungetoka wapi? Akaamua kuuza nyumba yetu ya Kilole. Mama wakati huo alikuwa Magoma akimuuguza bibi. Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri ajira, nikamuuliza baba, "Mama anajua?"

"Nitamweleza mambo yakishakaa sawa," akajibu, na macho akayapeleka dirishani.

Mnunuzi alipatikana upesi, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyetaka nyumba kwa ajili ya mwanawe anayeoa. Wakapatana bei, wakapeana mikono, wakakubaliana waandikishane Jumatatu kwa wakili.

Jumamosi mke wa mnunuzi akaja kupima madirisha. Alishika futi ya chuma upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili. Tukiwa hapo juu ya stuli, mlango ukafunguliwa. Mama! Bibi alikuwa amepata nafuu, naye akawahi basi la asubuhi.

Akatua kikapu chake, akasalimia vizuri kabisa. "Karibu, mama. Mnapima nini?"

"Mapazia," yule mama akajibu kwa furaha. "Nyumba hii tumenunua. Jiko nitabomoa ukuta, liwe kubwa."

"Bomoa tu," mama akasema. "Hata mimi ukuta ule unaniudhi miaka yote."

"Kwani wewe nani?"

"Mimi ndiye mke wa mwenye nyumba."

Yule mama akaiachia futi. Ikajirudisha kwa kasi mpaka kwenye vidole vyangu, nikapiga kelele. Baba akaingia mbio akidhani kuna mwizi, alikuwa akinyoa ndevu, povu bado liko sikioni.

"Aa! Umerudi?"

"Nimerudi," mama akasema. "Kumbe nimewahi."

Siku mbili zile mama hakugomba hata kidogo. Alipika, akapakua, akauliza habari za afya. Baba alikonda kwa hofu.

Jumatatu tulikwenda wote. Wakili alikuwa binti ambaye baba alimfundisha darasa la nne. Akasimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu," kisha akaketi na kuanza kumfundisha kama yuko ubaoni.

"Mkataba wa mauziano, mwalimu, unataka watu wazima wenye akili timamu, wanaokubaliana kwa hiari, bila kulazimishwa wala kudanganywa. Kinachouzwa kijulikane na kiwe halali, na bei iwe imekubaliwa."

"Yote ninayo," baba akasema. "Akili timamu ninazo."

"Hilo nalo tuliangalie," mama akasema polepole.

Wakili akainamisha uso kidogo, nadhani alikuwa anacheka. "Tena shamba au nyumba lazima iandikwe, kupeana mikono hakutoshi. Na kwa kuwa hii ni nyumba ya ndoa, mwenza naye aridhie. Mama, umeridhia?"

"Mimi nimeikuta inapimwa mapazia."

Yule mzee wa vitambaa akamgeukia baba, amehuzunika kweli. "Mwalimu, dukani kwangu baba akija bila mama, nauza. Mama akija bila baba, nauza. Lakini nyumba ya watu! Mbona hukuniambia?"

Baba akatoa leso, akaifuta meza ya wakili kama anayefuta ubao.

Ndipo mama akasema, "Mimi sijakataa. Aende kwanza Handeni akakae na rafiki yake, achunge. Akirudi bado anataka, nitasaini mwenyewe."

Baba akaenda na koti jipya na fimbo. Mwanzoni simu zake zilikuwa hotuba, alitueleza mpaka majina ya ng'ombe. Baadaye akaanza kunong'ona. Siku moja alipiga akiwa chooni, kwa sababu dume moja lilikuwa limesimama mlangoni na halitaki kuondoka. Alikaa humo mpaka mke wa rafiki yake akaja kulisukuma kwa kiganja, kama anayefunga kabati.

Alirudi akinuka moshi, akatangaza kwamba hali ya hewa ya Handeni ni kavu mno kwa kifua chake. Mama akamwekea maji ya kuoga. Yule mzee wa vitambaa alikuwa ameshapata nyumba nyingine mtaa wa pili, na mke wake akaanza kuja kwetu kupiga gumzo.

Krismasi rafiki wa baba akatutembelea na kibuyu cha maziwa. "Mwalimu," akasema, "kuna ng'ombe mmoja, mtamba mzuri, nimekuwekea."

"Siwezi," baba akajibu haraka. "Sheria inataka mama aridhie."

Mama akavuta kiti karibu na mgeni, akamuuliza kama mtamba huyo ana mimba, na anakula nini.