Kiti cha Mringaringa

Fundi jirani yangu hapa mtaani Levolosi akipasua mbao za mringaringa, harufu yake hunipandisha hasira hata kabla sijajua inatoka wapi.

Kwetu, kwenye miteremko ya Meru, babu alikuwa na kiti cha miguu mitatu kilichochongwa na babu yake kwa mti huo. Alikikalia siku za kuamua kesi tu, maana wazee walisema mringaringa hauvumilii uongo. Babu alipofariki, bibi alikifunika kwa ngozi ya mbuzi, na hata baba hakukigusa.

Siku tuliyoamriwa kuhama ili shamba letu apewe mzungu, ofisa mmoja aliingia uani na askari wake. Akaifunua ngozi, akakikalia kiti, akawasha sigara. Bibi alikata jani la sale. Kwetu, ukiletewa jani hilo na adui yako, huwezi kukataa kusema naye. Akamwekea ofisa mbele yake kwa mikono miwili.

"Mwambie ainuke kwanza," alimwambia karani aliyekuwa akitafsiri, "halafu tuzungumze."

Ofisa alicheka. Alilichukua jani, akafutia tope la buti zake, kisha akaamuru kiti kipakiwe kwenye lori.

Askari walisita. Aliyekibeba ni baba.

"Ndiyo, bwana," alisema, akakipandisha taratibu kama anayebeba mgonjwa.

Nilikuwa binti wa miaka minane. Niliokota bonge la udongo, nikamtupia baba mgongoni kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka. Na bibi, aliyekuwa haachi kosa lipite, hakunikaripia.