Nimelisha

Miaka mitatu sasa Rael Jelagat hajalala kwao kijijini Ziwa zaidi ya usiku mmoja. Kazi yake ni kulisha seli shina katika maabara moja ya utafiti mjini Eldoret, na seli, jamani, hazijui Jumapili wala Krismasi. Kila baada ya siku mbili humwaga majimaji yao ya zamani, huziwekea mapya, kisha huandika daftarini neno moja: "Nimelisha." Hivyo ndivyo wote huandika pale. Amelisha nini, hakuna anayeuliza.

Ripoti ya utafiti ikifungwa Ijumaa, atapata mwezi mzima na bintiye Sharon, wa miaka sita, anayelelewa na nyanyake.

Lakini kundi la mwisho la seli liligoma. Seli hizo husifika kwa kutuliza kinga ya mwili inapopandwa na hasira. Safari hii zilichanganywa na seli za kinga, na zile za kinga zikaendelea kuzaana tu, hazina habari.

"Zimezeeka," Daktari Nyokabi, mkubwa wake, akaamua. "Andika hivyo tufunge."

Mchana mama yake akapiga simu, Rael akamweleza kwa ufupi.

"Sasa ulizilisha nini?" mama akauliza. "Hapa maziwa ikipungua, kitu ya kwanza tunauliza ni ng'ombe imekula nini."

Rael akakumbuka. Wakati wa Pasaka seramu ya ndama, chakula cha kawaida cha seli, iliisha, naye akatia kirutubisho kingine, kilichotengenezwa kwa chembe za kugandisha damu ya binadamu. Seli zikajaa chupa upesi, akafurahi. Akaandika "Nimelisha", akaenda zake.

Akinyamaza, Ijumaa yuko na Sharon. Akisema, majaribio yanaanza upya: makundi mawili, vyakula viwili, miezi minane, na mlishaji ni yeye peke yake. Aliuchukia mlango wa chuma wa maabara. Aliichukia hata harufu ya spiriti mikononi mwake. Akatamani mama asingeuliza.

Akaenda, akasema. Nyokabi akafunua daftari hadi Pasaka.

"Basi unaanza Jumatatu, Rael. Pole."

Jioni akampigia Sharon, akiwa amejiandaa kwa kilio. Akamwambia hatakuja.

"Sawa," mtoto akajibu kwa adabu, vile hujibu wageni. "Ngoja nikupatie Mama."

Akampa nyanyake simu.